Watatu Walimwogesha Mama

Watu watatu walimwogesha mama yangu. Kila mmoja peke yake, kila asubuhi, mwezi ule ule wa ugonjwa wake. Na wote waliapa mbele ya kamera yangu.

Naitwa Risper. Kazi yangu ni kushuti video za harusi na matanga hapa Kakamega taun. Mama alifariki mwaka jana, na mwaka huu nikaamua kumtengenezea filamu, ionyeshwe kanisani kwetu Malinya siku ya kumbukumbu yake.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Siku ile mama analetwa hospitali, nesi alifunua shuka nikaona mgongo. Vidonda tupu. Nguo imeshikana na nyama. Ile harufu, hata leo nikiikumbuka chakula hakishuki.

Mtu anayeogeshwa kila siku haozi hivyo jamani.

Kwa hivyo siku ya kurekodi, pale nyumbani kwa mama, nilikuwa na swali moja tu kwa kila mtu: nani alimwogesha?

"Mimi, kila asubuhi," akasema Tracy, mke wa kaka yangu Philemon. Alikuja amejifunga leso ya marehemu. Sijui hata aliichukua lini.

"Ni mimi, kabla sijaenda shamba," akasema Mama Lusweti, jirani yetu, huku anajitazama kwa simu kama nywele zimekaa sawa.

Halafu Senje Khasandi, dada ya baba. Huyu alianza kulia kabla sijamuuliza chochote. Mara akanyamaza ghafla.

"Kamera ilikuwa imeshika?"

"Bado, Senje."

"Haiya! Basi wacha nianze tena."

Akaanza tena, na machozi yakatoka!

Tukasimama kidogo ili watu wale obusuma, ugali wetu. Senje akazunguka nyuma ya jikoni na Tracy, na maiki yangu ndogo bado imebanwa kifuani mwake. Alikuwa ameisahau. Mimi nilikuwa na hedfoni masikioni.

Sikuzitoa.

"Wewe nawe, mbona umesema kuogesha?" Huyo ni Senje. "Kuogesha niachie mimi. Wewe sema uji."

"Nimeshasema, Senje. Nitabadilisha aje sasa?"

"Basi wewe jioni, mimi asubuhi. Na huyo Mama Lusweti atolewe kabisa. Hata mlangoni hakuwanga anafika."

Wakacheka. Ati wanacheka! Kaburi la mama liko hapo mbele ya nyumba, na hawa wanagawana kumwogesha kama nyama ya matanga. Shenzi kabisa.

Nikasimama niende niwaumbue mbele ya watu wote. Ndipo nikasikia Tracy:

"Lakini huyu Risper anauliza kama nani? Si alikuja hapa akasimama mlangoni na kitambaa kwa pua?"

"Punguza sauti."

"Si mama alimwomba amsaidie na maji kidogo? Akasema anachelewa harusi huko Kabras. Akampiga picha, akaenda zake."

"Nyamaza, Tracy. Ni mtoto wetu. Tumfichie tu."

Nikakaa chini kwa nyasi.

Ni kweli. Kutoka taun mpaka Malinya ni nusu saa kwa boda. Mwezi mzima wa ugonjwa nilienda mara moja. Na picha niliyopiga siku hiyo ndiyo niliweka kwa bango la filamu.

Senje akarudi, anapangusa mdomo.

"Tuendelee, mwanangu?"

Ningeweza kuzima. Ningeweza kukaa kwa kile kiti mimi mwenyewe niseme yote. Unajua nilifanya nini? Nilibonyeza kamera.

"Endelea, Senje."

Kanisani watu walilia kweli. Mchungaji akanisimamisha mbele, akasema Mungu ampe kila mzazi binti kama Risper. Wakapiga makofi, Senje akapiga vigelegele. Mimi nikatoka mbio mpaka nyuma ya choo, nikatapika.

Nimeandika hapa kwa sababu pale mbele nilishindwa kusema: hakuna mtu aliyemwogesha mama yangu. Najichukia kuliko ninavyowachukia wale.

Kama mgonjwa wako bado anapumua, weka hiyo simu chini. Chemsha maji, chukua karai na sabuni, umgeuze upande ule mwingine. Na ukisikia harufu, usitoke.