Punje ya Ulezi Kupita Alama

Bwana wangu Mjerumani hakuupenda mwezi wetu kwa sababu ulikuwa umelala. Katika kitabu chake mwezi mchanga ulisimama wima kama askari wa zamu. Hapa chini ya Meru ulijilaza chali kama bakuli. "Hata mwezi wenu mvivu," aliniambia, akacheka peke yake muda mrefu.

Alikuwa mlowezi wa kahawa, na kwa kuwa kahawa yake ilikataa kuota, alinunua darubini. Ilikuwa ndogo, ya shaba, na nyuma yake alifunga kamera ya vioo. Alitaka kupeleka kwao picha moja kali ya mwezi, nadhani ili ndugu zake waache kuulizia kahawa. Mimi nilitolewa kwenye kuchimba mashimo ya miche kwa kuwa nilikuwa na macho mazuri na mikono isiyotetemeka. Mikono ilianza kutetemeka siku hiyohiyo.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama michoro ya kitabu ambacho maneno yake sikuweza kuyasoma. Jioni, jua likishazama, niliielekeza darubini mwezini, nikaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi na kuutazama mwezi ukionekana kwenye kioo cha ukungu nyuma ya kamera. Nilizungusha skrubu, bomba la nyuma likaingia na kutoka kidogokidogo, hadi kingo za mwezi zikawa kama wembe. Hapo nilikaza skrubu ya pili ili bomba lisisogee, nikakwangua alama kwenye shaba kwa ncha ya kisu, nikaweka kioo chenye dawa mahali pa kile cha ukungu, nikafungua kifuniko na kukifunga.

Nakiri kwamba nilizungusha mara thelathini, arobaini. Nilinawa mikono kwanza. Nilibana pumzi nisije nikaitikisa miguu ya darubini.

Picha ilitoka kama uji. Jioni ya pili, uji. Jioni ya tatu nilizungusha hadi shingo ikakakamaa, na asubuhi nikamkuta mpishi, mtu mzima kutoka Tanga aliyekicheka Kiswahili changu kila siku, amekishika kioo changu dirishani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hili nini, mdogo wangu? Yai?"

"Mwezi."

"Basi umeuvuruga. Mkono wako mzito."

"Mkono wangu hauna kosa. Nimepima vizuri kabisa."

"Naona," alisema. "Yai limepimwa vizuri kabisa."

Bwana hakutania. "Macho ya Kimeru," alisema, yeye ambaye miwani yake ilikuwa nene kama kitako cha chupa, na mwezi uliopita alimpiga risasi mbwa wake akidhani ni chui. "Leo mara ya mwisho. Ukiniharibia kioo cha nne, chukua jembe urudi mashimoni."

Jioni ile nilipima hadi machozi yakanitoka. Bwana alisimama mgongoni kwangu. "Upesi! Mawingu!" Kweli mawingu yalikuwa yanashuka kutoka mlimani. Nikabadilisha vioo, nikafungua, nikafunga. Ndipo nilipoiona ile skrubu ya pili. Sikuikaza. Mimi, ninayerudi mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa! Kamera ilikuwa nzito na darubini ilitazama juu, kwa hiyo bomba lilikuwa limeteremka lenyewe, likapita alama yangu kwa upana wa punje ya ulezi.

Niliingia chumba cha giza, nikaosha kioo kwenye dawa chini ya taa nyekundu huku nikiliwaza jembe.

Mwezi ukatoka. Ncha zake zilikuwa kama sindano, na mabonde yake yote yakaonekana.

Badala ya kufurahi nilikasirika. Jioni tatu za usahihi zilinipa uji. Jioni moja ya uzembe ilinipa mwezi. Nikakaa pale nikiikodolea macho taa, mpaka nikajiona mjinga. Taa ile ilikuwa nyekundu kwa sababu kioo cha picha hakiioni. Mimi naiona vizuri sana. Kioo hakiioni kabisa. Kama mimi na kioo hatuoni mwanga mmoja, kwa nini nilidhani tutauona mwezi ukiwa mkali mahali pamoja? Mwanga wake bila shaka ulikutana punje moja nyuma ya wangu. Nilikuwa nimeyapimia macho yangu, na picha haikuwa ya macho yangu.

"Unaona?" bwana alisema. "Nilikwambia fanya upesi." Akaichapa picha kwenye karatasi, akaigeuza hadi mwezi ukasimama wima kama wa kitabuni, akaandika jina lake chini.

Mashimoni sikurudi. Nilikwangua alama ya pili, punje moja kupita ya kwanza, na tangu hapo napima kwa macho hadi ya kwanza, kisha navuta bomba hadi ya pili. Bwana aliuliza kwa nini alama mbili.

"Ya kwanza ni ya macho ya Kimeru," nilimwambia. "Ya pili ni ya macho ya Kijerumani."

Alifurahi sana.

Lakini kwenye kona ya kioo kile cha nne kuna alama ya kidole gumba changu. Nilikishika kikiwa bado kibichi. Picha imefika Ulaya ikiwa na jina lake chini na gumba langu juu. Mpishi aliniambia nijivune. Mimi sikujivuna, kwa sababu ni doa, na ningeweza kukishika kioo kwa kingo.