Kindi Niliyemwita Shemeji

Jamani, nikicheka nanyi msidhani haya imeniisha, kila nikikumbuka natamani ardhi ipasuke. Nilipata kazi kwenye bustani moja hapa London, upande wa Southall, miezi mitatu ya majaribio, na siku ya mwisho nilitakiwa kuwaeleza wageni habari za kindi: kwamba hawa wa kijivu waliletwa kutoka Amerika, wakawamalizia chakula kindi wekundu ambao ndio wenyeji, wakawaambukiza na ndui, mpaka leo London nzima humwoni mwekundu akikatiza, kwa hiyo tafadhali tusiwalishe wa kijivu. Nikieleza vizuri, kazi yangu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mchana nilikuwa nakula karanga kwenye benchi, na kindi mmoja wa kijivu anakuja kukaa mbele yangu ananitazama mdomo, na mimi mtu wa Tanga nimelelewa kwamba huli mtu anakutazama usimkaribishe (najua si mtu, lakini yale macho!), basi siku ya kwanza nikamtupia moja, wiki ya pili anakula mkononi, mwezi wa tatu namwita Shemeji.

Siku ikafika. Bosi kasimama na daftari lake, watu kama thelathini, na pale pale ninaposema "msiwalishe", Shemeji huyo! Kapanda suruali, kapanda mgongo, kakaa begani ananusa sikio. Nikatabasamu, nikamwambia kwa Kiswahili (nani ataelewa?), "Shemeji, nenda bwana, leo sina karanga, njoo kesho."

Bosi akauliza nimesema nini. Nikamjibu ni maneno ya kwetu ya kufukuzia wanyama.

Mara mzee wa Kipunjabi mwenye kilemba, kule nyuma, akaangua kicheko. "Wacha uongo, mama! Mimi mtoto wa Nakuru, nimesikia yote!" Akawageukia wenzake akawatafsiria neno kwa neno, mpaka akawaeleza shemeji ni nani kwa mtu.

Watu walicheka hadi machozi. Bosi hakucheka. Aliniita ofisini akaniongezea miezi mitatu ya majaribio, kwa sharti moja: chakula nile ndani, mlango umefungwa.

Nakula ndani. Saa sita na nusu Shemeji anakuja dirishani, anaweka vidole kwenye kioo, nami nageukia ukutani na karanga hazinishuki. Nimeapa simpi tena hata moja, na kiapo nimekishika, lakini jamani, kila siku naona nimemnyima mtu.