Nilipokea isale, lakini malalamiko ya kubaguliwa kazini sikuyafuta

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mnaoitafuta.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo nimeamua kufungua uzi wangu wa kwanza. Sitatia chumvi, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Majina ya watu na jina la lodge siweki, isipokuwa mmoja ambaye nitamwita Flora, ingawa si jina lake.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Marangu. Nilikuwa mhudumu wa dining kwenye lodge moja inayopokea wageni wa kupanda mlima. Mgeni anashuka kule juu amechoka, midomo imepasuka kwa baridi, anataka supu ya moto na mtu wa kumchekea. Kazi hiyo naipenda, na naiweza.

Nina kifafa. Nimekuwa nacho tangu shule ya msingi.

Nakunywa dawa kila siku na nilikuwa nimekaa miaka bila kuanguka, kiasi kwamba kazini hakuna aliyejua. Najua kuna watakaosema ningewaambia mapema. Labda. Lakini aliyekulia vijijini kwetu anajua kifafa kinavyosemwa. Kuna laana, kuna kurogwa, na kuna ile ya "ukigusa povu lake umekwisha". Mtu anajifunza kunyamaza kabla hajajifunza kusoma.

Sasa asubuhi moja niliamka na homa. Dawa nilitapika. Ningebaki nyumbani, ila kulikuwa na group kubwa linaondoka kwenda mlimani na tulikuwa wachache. Nikaenda hivyo hivyo.

Nilianguka katikati ya dining, trei mkononi, wageni wanakula.

Hapo sikumbuki kitu. Nilisimuliwa. Flora, mpishi wetu, ndiye aliyetoka jikoni mbio, akanilaza ubavu na kunilegeza kola. Wenzangu wengine walisimama ukutani. Nilipozinduka nilikuwa store, juu ya magunia ya viazi, sketi imelowa. Flora alikuwa ananipepea na mfuniko wa sufuria.

"Umeamka, mama," akasema. "Tulia. Hakuna aliyeumia."

Nililia, wakuu. Si kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilijua siri imetoka.

Niliporudi baada ya kupumzika, meneja aliniita nje, hakuniita ofisini. Akasema dining nisahau.

"Mgeni analipa dola aje apumzike," akaniambia. "Hajalipa kuona mtu anatoka povu mbele ya mayai yake."

Nikapelekwa nyuma kumenya ndizi. Nikasema sawa, kazi ni kazi.

Halafu mchana wa siku hiyo nikakuta kikombe changu cha chai kimewekwa pembeni, kimepakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye kishikio. Na sahani hivyo hivyo. Na kijiko. Nikauliza ni vya nini. Mwenzangu mmoja akajibu akiangalia chini, "Meneja kasema hivyo ndivyo vyako. Usichanganye."

Mezani pia nikaambiwa nisikae. Nikawa nakula nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, karibu na mlango wa store. Flora alikuja siku moja na sahani yake akakaa chini kando yangu. Kesho yake akapewa onyo.

Nilivumilia. Nikiwa huko kwenye kumenya ndizi ndipo nilipoambiwa nikalete karatasi ya daktari kuthibitisha kwamba nimepona. Daktari akashangaa. Akaandika kwamba natumia dawa, na kwamba naweza kufanya kazi. Meneja akaisoma akasema, "Hapa hajaandika umepona. Nenda nyumbani, tutakuita."

Hawakuita. Simu zangu hazikupokelewa. Kwenye group la WhatsApp la kazi nikatolewa.

Jirani yangu aliyewahi kufanya kazi kiwandani ndiye aliyeniambia kwamba Moshi mjini kuna ofisi ya kusuluhisha migogoro ya kazi, na kwamba kubaguliwa kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu sheria inakataza. Akanisisitiza niende mapema maana kuna muda wa mwisho wa kupeleka malalamiko. Nikashuka Moshi, nikapeleka. Nikapewa tarehe ya kukaa na mwajiri mbele ya msuluhishi.

Hapa ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote.

Jumapili moja kabla ya tarehe ile, baada ya misa, wazee wawili wakaingia nyumbani kwa baba. Mmoja alikuwa shemeji wa mama mwenye lodge, wametokea Kilema. Mkononi ameshika jani la isale.

Kwa wasio wa huku: kwetu Wachagga mtu akikukosea akakuletea isale, anaomba msamaha. Na isale haikataliwi. Ukiikataa umejitenga na watu, na wazee wanaamini unajiletea balaa mwenyewe.

Mzee akasema mama amesikia kwamba binti yetu amesimamishwa vibaya, anaomba radhi, sisi ni watu wa mlima mmoja na wa kanisa moja, mambo ya kwenda kushtakiana mjini yanatutia aibu wote. Niifute ile kesi, tuyamalize kihambani, yaani hapa nyumbani kwenye migomba yetu.

Baba alinitazama. Ni mtu wa maneno machache, na nilijua anachotaka. Watu wangapi wa ukoo wetu wanauza kahawa na ndizi kwa familia ile!

"Mwanangu, isale iko mbele yako," akasema.

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Nikasema, "Baba, nimesamehe. Mzee, mwambie mama nimemsamehe, na sitamsema vibaya. Lakini Moshi nitakwenda."

Mzee akakasirika. "Sasa umesamehe nini kama bado unashtaki?"

"Shikamoo zangu zote kwako, mzee," nikajibu. "Sina kisasi. Ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilifanyiwa nini. Nataka mahali pa kusema."

Waliondoka bila kumaliza mbege, pombe yetu ya ndizi, waliyokaribishwa. Jua lilipokuwa linazama baba akanifuata. Halafu akaniambia kitu kimoja tu. "Tutakwenda wote. Lakini mimi nitakaa nje."

Siku ilipofika tulikaa chumba kidogo, meza moja, dirisha linaangalia barabara. Msuluhishi alikuwa dada wa makamo, mtulivu. Upande wa pili mama mwenye lodge na meneja.

Mengi ya chumba kile ni siri ya usuluhishi. Haya ninayoandika nimemwomba mama mwenye lodge ruhusa, akanipa.

Msuluhishi akaanza hivi: "Mimi si hakimu. Sitatamka nani kakosa. Nawasaidia mkubaliane, na mkishindwa, shauri linakwenda hatua ya uamuzi." Halafu akanigeukia. "Dada, ukitoka kwenye mlango huu leo, unataka uwe umepata nini?"

Wakuu, nilikuwa nimejiandaa kushtaki, sikuwa nimejiandaa kutaka.

Meneja akawahi kusema wako tayari kunipa kiinua mgongo tuachane kwa amani. Ndipo likanitoka.

"Nataka kula mezani na wenzangu. Nataka kile kikombe kitupwe."

Mama mwenye lodge akainua uso. "Kikombe? Kikombe gani?"

Meneja akaanza kupangusa simu yake.

Msuluhishi akaniambia nieleze. Nikaeleza yote. Rangi ya kucha. Ndoo. Onyo la Flora. Maneno ya povu na mayai. Nilisema bila kulia, na sijui nguvu ile niliipata wapi. Yule mama alikuwa amevua miwani anaishika mapajani.

Nilipomaliza akasema polepole, "Binti, mimi niliambiwa unaumwa na umepumzishwa. Nilituma isale nikijua naomba radhi kwa kukusimamisha. Haya sikuyajua. Basi nilikuomba msamaha wa kitu nisichokijua." Akamgeukia meneja. "Ni kweli?"

"Mama, nilikuwa nalinda biashara yako."

Msuluhishi akamuuliza kwa upole, wala hakuwa anambana, "Kuna daktari aliyekwambia kifafa kinaambukizwa kwa kikombe?"

Meneja akajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Hapana. Nyumbani tulikua hivyo. Kaka wa mama yangu alikuwa nacho. Tulikatazwa kumgusa. Alianguka kwenye moto, hakuna aliyemvuta."

Nilimchukia yule mtu kwa miezi. Pale nilimwona mtoto amesimama mlangoni, anaangalia moto. Sikumpenda ghafla, ila chuki ililegea.

Msuluhishi alitutenganisha, akaongea na kila upande peke yake, akaturudisha. Tukakubaliana, tukasaini. Nirudi dining. Mishahara ya muda niliokaa nyumbani nilipwe. Flora afutiwe onyo. Muuguzi aje kufundisha wafanyakazi wote, meneja akiwemo. Na mimi nilikubali jambo moja: nikijisikia homa au nimekosa dawa, naripoti na sibebi masufuria ya moto. Hilo lilikuwa la haki, na nilisema ndiyo bila kusukumwa.

Nje, baba alikuwa kwenye benchi. Mama mwenye lodge akamsalimu, kisha akasema, "Mzee, mtoto wako umemlea."

Baba akajibu, "Amejilea."

Sitawadanganya kwamba sasa ni asali na maziwa. Kuna mwenzangu mmoja hadi leo akinipa kitu anakiweka mezani nikiokote. Meneja hajawahi kuniambia samahani kwa mdomo. Alinishika mkono siku ile, basi. Yule mzee aliyeleta isale tukikutana kanisani ananipita. Usuluhishi ulinirudisha kazini, haukubadilisha mioyo yote.

Lakini wiki kadhaa baada ya muuguzi kuja, dereva wa lodge, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alinifuata pale tunapoanika vitambaa. Akatazama huku na huku.

"Dada, hiyo dawa unaipata wapi?"

Nikamuuliza ni ya nani.

Ana binti. Amemficha kwa bibi yake Mabogini, huko kwenye mashamba ya mpunga, na shule hajawahi kukanyaga. Waliambiwa ni laana, wakaogopa ataanguka njiani mbele za watu, azame kwenye mfereji.

"Mimi sikujua," akasema, "kwamba mwenye hiyo kitu anaweza kuvaa uniform akafanya kazi. Nimekuona umerudi dining. Nikasema ngoja nimuulize."

Tulikwenda wote kliniki, yeye, mimi na yule mtoto. Alikaa katikati yetu ameshika kidole changu na hakukiachia hadi alipoitwa jina. Ameanza dawa. Muhula huu ameanza shule, amekaa darasa moja na watoto wadogo kuliko yeye, na baba yake anasema hataki kukosa hata siku moja.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba kusamehe na kudai haki vinakaa nyumba moja bila kugombana. Nilimsamehe yule mama kwa isale, lakini bila kile chumba cha Moshi asingejua alichosamehewa. Ukibaguliwa, usikae na uchungu hadi muda wa kulalamika upite. Na ukifika kwa msuluhishi, jiulize mapema unataka nini, maana swali hilo litakuja.

Waliowahi kupita njia hii, hata kama yenu hayakwisha vizuri, andikeni hapa chini tusome. Na anayeamini bado kwamba kifafa kinaambukiza, aulize bila aibu. Ninachojua nitajibu, nisichojua nitamwelekeza kwa daktari.