Aliiba Michoro Yangu, na Mmoja Una Kosa Nililoliona Mimi Tu

Admin, habari za kazi. Naomba ufiche jina langu na la chuo, maana Mpanda tunajuana. Nina miaka thelathini na sita, nina mume na watoto wawili, na ni mkufunzi kwenye chuo kimoja cha afya hapa mjini.

Zamani wanachuo wetu walisomea vitini vilivyotolewa kopi ya kopi, mpaka mchoro wa moyo ukafanana na kiazi. Iliniuma, nikajifundisha mwenyewe kuchora kwenye kishikwambi. Nilipoweza, mkuu wa chuo akaniomba niwafundishe wakufunzi wenzangu, kila mmoja achore picha za somo lake. Jumamosi sita niliacha familia nyumbani, nikawa nawaelekeza watu wazima namna ya kushika kalamu ya kishikwambi, kuweka rangi na kuandika majina ya viungo.

Aliyenichosha kuliko wote nitamwita Beda. Kidole tu kilimshinda kuchora. Nilimshika mkono kama mtoto wa chekechea. Akawa ananiita "mwalimu wangu" mbele za watu, na mimi nikamwamini, nikampa flashi yenye michoro yangu yote akafanyie mazoezi.

Mwaka huu Beda katoa kitabu cha michoro. Nilipokifungua nikapekua mpaka mwisho. Ni kazi yangu, ukurasa kwa ukurasa. Kafuta jina langu pembeni, kaweka lake. Nilienda kwa mkuu na kishikwambi changu, nikamwonyesha michoro ya mwanzo kabisa. Akaniambia, "Madam, picha ni picha. La msingi wanachuo wanaelewa." Wiki hiyohiyo wakaja wageni kukitazama kitabu hicho, Beda akanitambulisha kwao kuwa mimi ndiye ninayemsaidia kufunga projekta. Nikatabasamu. Siku hiyo moyo wangu uligeuka jiwe.

Sasa sikilizeni. Jumamosi ya tano niliwafundisha kukagua michoro. Nikachora tako lenye alama ya sindano mahali pasipofaa, chini kwa ndani, palepale unapopita mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Juu yake niliandika: "Tafuta kosa." Beda siku hiyo hakuja, alikwenda shambani kwake Magamba. Alipokuwa anafuta jina langu, na yale maneno akayafuta. Mchoro ule umo kwenye kitabu chake kama mchoro sahihi.

Alikituma kitabu kizima kwenye grupu la wakufunzi, akaomba tupitie kama kuna marekebisho. Wengine wakasifia bila hata kusoma. Mimi niliuona mchoro ule dakika ileile. Nikaandika, "Kazi nzuri, Mwalimu."

Nilifanya makusudi. Alhamisi ijayo wageni wanarudi kukizindua kitabu, ukumbi utajaa. Nimepanga nisimame nimuulize mbele yao, kwa upole kabisa, mtu aliyechomwa sindano hapo atatembeaje. Nataka atafute jibu alikose. Nataka wamuulize nani kachora. Nimeshachagua mpaka gauni la kuvaa.

Shida ni kwamba Jumatatu wanachuo wa mwaka wa kwanza wanakwenda hospitali ya Inyonga kwa mafunzo ya vitendo, na jana nimemkuta binti mmoja kaupiga picha ukurasa ule kwa simu yake. Kaniambia, "Madam, hapa sasa nimeelewa." Nikaondoka.

Mume wangu nilimweleza yote. Akasema, "Mke wangu, huyo mgonjwa wa Inyonga kakukosea nini?" Tangu hapo haongei na mimi vizuri.

Lakini nikisema leo, Beda atarekebisha kimyakimya, Alhamisi atapigiwa makofi, na mimi nitaendelea kumfungia projekta. Msiniambie nisamehe, hapo sijafika. Nyie mliowahi kuporwa jasho lenu, niambieni: niseme leo adui yangu apone, au ninyamaze mpaka Alhamisi na niombe Mungu wanachuo wasishike sindano kabla sijasema?