Mashine Haikukaa Matanga

Wiki hii nilikuwa kwenye kibanda cha simu huku mtaani Makiso, karibu na mto, nikingoja betri yangu ijae. Jua la alasiri lilikuwa limelainika, na baiskeli za toleka, teksi zetu za huku, zilipita na abiria wao taratibu, kana kwamba zinaelea.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye kitenge cheusi. Alikuwa ameweka mtandaoni picha ya marehemu baba yake akiwa amelazwa kitandani, shuka jeupe hadi kifuani, ili ndugu zake wa Opala waliokosa boti wamwone mara ya mwisho. Mashine inayochunguza picha huko mtandaoni ikaifuta, eti inatisha.

"Mwandikie huyo aliyeifuta," alimwambia fundi wa kibanda. "Bonjour. Huyu iko papa yangu. Analala muzuri, haogopeshi mutu."

Fundi akaandika, akatuma. Kabla hajainua kidole, jibu likaingia.

"Amekataa, mama."

"Amejibu tayari?"

Mama akalaza kiganja juu ya kioo cha simu, polepole, kama anayefumba macho ya mtu.

Mimi nimekaa matanga ya watu nisiowajua hata jina. Unavuta kiti cha plastiki, unanyamaza, ndipo unamtazama marehemu. Sijui mashine hiyo inaishi mji gani, wala kama huko kuna viti.

Mama hakukasirika. Aliutazama mto kwa mbali, kisha akamgeukia fundi.

"Andika tena, tonton. Lakini mwambie avute kiti, aikale chini kwanza."