Gari la Moshi la Mwanaidi

Mwanangu, iko Idi moja ambayo kila nikiikumbuka hujiinamia. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hapa Bagamoyo, nachonga milango kwa fundi mmoja, na ulimi wangu ulikuwa mrefu kuliko umri wangu.

Mwaka ule nilipeleka mlango Unguja, nikaliona gari la moshi kwa macho yangu. Niliporudi na kuhadithia, wazee wa barazani wakanicheka. "Gari lijiendee lenyewe huku likitoa moshi? Kijana kapigwa na jua huyu." Nikaapa nitawaonyesha.

Nikaokota mabaki ya mvule, nikachonga kichwa cha gari na mabehewa matatu. Reli zilikuwa mianzi iliyopasuliwa, nikaitandaza kutoka mlangoni pa karakana hadi njiani, kufuata mteremko wenye kona moja, ili gari lishuke kwa uzito wake. Kwenye bomba la moshi nilitia kaa la moto na udi.

Watoto wa jirani waliposikia nyundo, wakaja bila kuitwa. Mkubwa wao alikuwa Mwanaidi, binti wa miaka minane, na mdogo wake Sefu. Sikuwafukuza, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Walibeba mchanga, wakashika mianzi. Lakini kila gari likifika konani, lilianguka. Mimi nilikasirika nikaondoka zangu. Mwanaidi alilala kifudifudi, jicho usawa wa reli, akajaribu tena na tena. Siku ya tano likapita. Nilicheza kwa furaha, wala sikumuuliza amefanya nini.

Siku ya Idi, baada ya sala, nikawaita wazee. Watoto nao wakaja na nguo zao mpya, wakajipanga kando ya reli.

"Ondokeni," nikawaambia. "Hapa pana watu wazima."

"Lakini kaka, pale konani..." akaanza Mwanaidi.

"Nyamaza! Usinisemeshe mbele ya wazee."

Akamshika Sefu mkono, wakaenda zao. Nikaliachia gari. Lilipofika konani likapinduka, kaa likamrukia mzee mmoja, likatoboa kanzu yake ya Idi. Kicheko kilicholipuka pale, mwanangu, usiombe kukisikia.

Bibi yangu, mama yake mama, hakucheka. Aliniita ndani.

"Nani aliyekuwa akilipitisha pale konani?"

"Mimi, bibi."

"Nakuuliza tena."

"Ni Mwanaidi, bibi."

"Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha," akasema. "Nenda kwa yule mtoto. Tena usiende na halua ya kumnyamazishia. Nenda na maneno."

Nikaenda alasiri ile ile. Nikamkuta amekaa na mama yake. Hakika ni rahisi kumwomba radhi mtu mwenye ndevu kuliko mtoto!

"Mwanaidi, nimekukosea. Nimekufukuza kwenye kazi yako."

Akanitazama sana. "Sefu alilia," akasema. "Mimi sikulia."

"Nisameheni nyote wawili. Njooni tulijaribu tena."

"Tutakuja. Lakini atakayeliachia gari ni mimi, na Sefu atatia udi. Wewe utakaa na wazee utazame."

Ndipo akanifunulia. Kila asubuhi alikuwa akishindilia mchanga wa maji chini ya mwanzi wa nje pale konani, ili mwanzi uinuke kidogo, maana mchanga ukikauka huporomoka. Siku ya Idi hakuna aliyeushindilia. Tukafanya kazi siku saba, yeye akielekeza, mimi nikibeba mchanga. Nilichekwa tena na wapita njia, sikuacha.

Tukawaita wazee. Wengine walikataa. Yule wa kanzu alikuja, akakaa mbali. Mwanaidi akaliachia gari. Likashuka, likaipita kona, likafika njiani likifuka udi.

"Fundi wa hili nani?" akauliza mzee.

"Mbao nimechonga mimi," nikajibu. "Njia muulize Mwanaidi."

Akawaeleza, hakumeza hata neno moja, na wazee wazima wakamsikiliza kimya.

Basi, mwanangu, ukiwashirikisha watoto jambo ulipendalo, washirikishe kweli. Usiwape mchanga wabebe, kisha sifa ukazila peke yako. Mtoto akisema "lakini", simama umsikilize; mdharau mwiba mguu huota tende. Na ukimkosea, mwombe radhi kwa maneno kamili, kama unavyomwomba mkubwa mwenzio.

Mungu akupe mikono isiyochoka na moyo usiorudi nyuma. Akujaalie watoto watakaokupita, nawe uwe hai uwaone, ufurahi. Amin.