Dada Alipoacha Kuona Pembeni

Nilirudi Dar es Salaam na diploma ya upimaji wa macho, na sikuificha. Niliitundika ukutani kwenye chumba nilichopanga Mchafukoge, nyuma ya duka la vitambaa la familia moja ya Kiarabu, mahali ambapo mteja akiketi ndicho kitu cha kwanza anachokiona. Kwa nini nifiche? Mtoto wa Magomeni, aliyeuza mihogo ya kuchoma nje ya soko la Kariakoo ili apate karo, alikwenda Ulaya, akajifunza lugha isiyo na huruma, akawashinda wenyeji kwenye mtihani wao. Wapimaji wa macho wazalendo siku zile wangetosha kwenye benchi moja. Watu waliniita Ndugu Mtaalamu, nami niliitika.

Nilirudi pia na furushi la mabango. Mama aliyenipangisha chumba kule Ulaya alifiwa na mumewe kwa uvimbe wa ubongo, na yeye na wafiwa wenzake wakaanzisha chama. Walitaka dunia nzima izijue dalili mapema, kwa hiyo kila mwanafunzi wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao walimpa mabango ayatafsiri. Najua wenzangu wengine waliyatumia kufungia vyombo. Mimi niliyatafsiri, tena kwa Kiswahili safi: Je, kichwa kinakuuma asubuhi? Unatapika? Macho yanapungua nguvu? Mwone daktari.

Balozi wetu wa nyumba kumi aliniombea nafasi nilisome bango kwenye kliniki ya wajawazito, kwa kuwa huko watu hukaa muda mrefu wakisubiri. Nilisoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Nilipomaliza, mama mmoja akainua mkono.

"Ndugu Mtaalamu, ugonjwa huo hapa tunao wote."

"Na aliyetuambukiza yuko kazini!" akadakia mwenzake.

Benchi zima likaangua kicheko. Hata muuguzi aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nilikunja bango langu nikaondoka, na siku ile nzima sikuweza kutulia. Kwa kweli mwaka ule sikuwa mtu wa kutulia. Mteja akitoka tu, nami natoka, natembea hadi sokoni, narudi, naifuta diploma vumbi, natoka tena. Nilihisi nimebeba kitu ambacho watu wanakihitaji na hakuna anayenyoosha mkono kukipokea.

Ndipo mke wangu akaniletea habari ya dada yangu mkubwa. Dada alikuwa mshonaji, charahani yake ikikaa barazani kwao Kariakoo, na mumewe alikuwa kuli bandarini. Walikuwa wameoana miaka mingi bila kupata mtoto, na maneno ya mtaani alikuwa ameyasikia yote.

"Wifi ana mimba," mke wangu akaninong'oneza. "Siku zake zimekoma, asubuhi kichwa kinamgonga na anatapika. Hata maziwa yameshaanza kutoka."

"Maziwa? Mbona tumbo silioni?"

"Wewe ulisomea macho au matumbo?"

Jambo kama lile kwetu halitangazwi mapema, lakini shemeji alishindwa kunyamaza. Nilimkuta kwenye foleni ya sukari akiwaambia wenzake, "Nimepakia mzigo bila winchi!" Wakamgonga mgongoni. Nilimpa mkono wa pongezi nami, ila maneno ya bango langu yalikuwa yakinirudia.

Jumamosi moja nilimsindikiza dada sokoni. Mkokoteni wenye magunia ukaja kwa upande wake wa kulia, msukumaji akipiga kelele, "Pembeni, mama! Pembeni!" Dada hakugeuza hata shingo. Nilimvuta, gunia likamkwaruza bega. Alipoinua khanga kutazama mkwaruzo, niliona michubuko mingine, mikono yote miwili.

"Nyumba imekuwa finyu tangu nipate hali hii," akasema akicheka. "Kila mlango unanigonga."

Sikucheka. Tulipofika kwake nilimketisha mkekani, nikamwambia atazame pua yangu tu, nikanyoosha mikono yangu huku na huku.

"Vidole vingapi?"

"Vidole gani?"

Nikavisogeza ndani polepole. Ilibidi vikaribie kabisa uso wangu ndipo akavitaja. Hapo nilijua, na ninasema kwa kujivuna kwamba nilijua kabla ya daktari yeyote. Mishipa ya macho hupishana chini ya ubongo. Kitu kikiota pale kikaikandamiza, mtu hubaki na anachokiona mbele, na pembeni kote, kushoto na kulia, kunafungwa. Asipowahiwa, na mbele nako kunafungwa.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza, kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Kumbe umekuja na bango lako. Wewe una watoto. Mimi nimepata wangu mmoja, hata hajazaliwa, umeshamwita uvimbe."

"Dada..."

"Nenda kwako."

Nilikwenda, lakini si kwangu. Nilishuka kwa miguu hadi lango la bandari, nikamsubiri shemeji atoke zamu. Nilipomwambia, alinikodolea macho.

"Siku hizi umekuwa mkunga?"

Tukatembea, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipokaribia Kariakoo akapunguza mwendo.

"Jana nilikaa naye mkeka mmoja," akasema. "Kimya tu, ubavuni kwake. Akaniita kwa sauti kubwa, akidhani niko uani."

Tuliingia pamoja. Dada alitugeuzia mgongo. Ndipo nikasema neno ambalo hadi leo naliona bora kuliko yote niliyofundishwa Ulaya: "Sawa, dada. Tuseme mtoto yupo. Twende kwa ajili ya macho tu, ili akizaliwa umwone."

Aligeuka akatutazama. Kisha akaomba ushungi wake.

Daktari hakukubali kumpiga eksirei kabla ya kupima mkojo, kwa kuwa mimba ingeweza kudhurika. Tulingoja majibu. Hakukuwa na mimba. Dada aliuliza mbele yangu, mimi mdogo wake wa kiume, bila kuinamisha uso: "Na maziwa haya, daktari?"

Daktari akaeleza kwamba chini ya ubongo kuna kitezi kidogo kama punje ya mbaazi, na maziwa hutoka kwa amri itokayo pale. Kikiota uvimbe kinaweza kuamrisha maziwa na kufunga siku za mwanamke, mtoto asiwepo. Picha za kichwa zikathibitisha.

"Nikipasuliwa nitazaa?"

"Siwezi kukuahidi. Macho nayo siwezi kuyaahidi, ila tukichelewa hakika yatakwenda."

Shemeji alitoka nje. Dada alibaki ameketi, mkono mmoja kifuani, na sikuthubutu kumgusa. Nilihesabu vigae vya sakafu. Mwishowe dada akasema, "Nipelekeni."

Serikali ilimpeleka nje ya nchi kupasuliwa. Wiki zile nilimaliza soli za viatu. Aliporudi, upande wa kulia ulikuwa umefunguka; wa kushoto, alisema, ulikuwa kama nyuma ya pazia. Mtoto hakupata. Hilo nalo liandikwe.

Alipopata nguvu alikuja Mchafukoge, akasimama mbele ya bango langu.

"Hapa hapana maziwa. Andika maziwa."

"Dada, linatundikwa hadharani."

"Nilinyamaza kwa heshima, nusura niwe kipofu kwa heshima. Andika. Na uandike mtu anayegongwa na milango."

Niliandika, nikawapelekea na wenye chama kule Ulaya. Hawakuwa wamefikiria jambo hilo, kwa kuwa mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mwanamume. Wakalichapa kwa lugha zao kadhaa. Bango la Kariakoo likasomwa na Wazungu! Najivuna, ingawa maneno ni ya dada.

Tukarudi kliniki ileile. Safari hii mimi nilishika bango, yeye akazungumza. Walianza kucheka kama kawaida. Alipofika kwenye maziwa, wakanyamaza. Tulipokuwa tunatoka, msichana mmoja aliyeolewa karibuni akatufuata hadi uani, khanga ameibana kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Lakini kama yangu ni mimba kweli?"

"Utapimwa, utaambiwa, utarudi nyumbani unacheka," dada akamjibu. "Mimi nitacheka zaidi yako."

Msichana alisimama akitazama benchi alikotoka, kisha akatazama barabara iendayo hospitali. Nilitaka kumweleza habari za mishipa. Dada akanizuia kwa mkono, akamwambia, "Kaa kushoto kwangu, huko sioni vizuri," wakaanza kutembea kuelekea hospitali.